Mkwe Asiye na Tuta Hata Moja

Ninyi mnaojaza fomu kwa kidole gumba, mmelala chali kitandani, msidhani nawaonea wivu. Nawaonea wivu kidogo tu, katika suala la kitanda. Mimi nilijaza fomu za watu kwa miaka ishirini na sita nikiwa juu ya kiti cha mbao kisicho na mto, ubavuni mwa ofisi moja ya vibali vya wageni hapa Morogoro mjini. Ofisi yenyewe sitaitaja. Waliowahi kupanga foleni pale wanaijua, na wasioijua wataikuta kwingine, maana ofisi zote ni ndugu wa tumbo moja.

Sikuwa mtumishi wake. Nilikuwa na kibanda cha steshenari nje ya uzio: taipureta, mashine ya fotokopi, baadaye kompyuta, na kitambaa cha buluu nilichokitundika ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki niliyasoma mwenyewe, kwenye vitabu vya mitumba na kwenye matangazo ya ubao wa ofisi, ambayo mimi niliyasoma mpaka kwenye saini wakati wenzangu waliishia kwenye kichwa cha habari. Kwa tabia hiyo watu wakaniita Bwana Fomu. Nilikubali jina hilo kwa sababu mtaani kwetu yapo mabaya zaidi.

Wateja wangu wengi walikuwa wageni waliooa au kuolewa na watu wa huku. Wengine walitoka mjini, wengine Dumila, wengine Turiani, wengine milimani. Nawaambia jambo ambalo mtu hakuambii siku ya harusi. Padri au shehe atakuuliza mara moja tu kama unamtaka huyu mwenzio. Ofisi inakuuliza kila baada ya miaka miwili, kwa nakala mbili, na picha nne ambamo hutakiwi kutabasamu. Nimewaona watu walionusurika na wakwe, na ukame, na malaria, wakatetemeka mbele ya kisanduku kilichoandikwa "Hali ya ndoa kwa sasa".

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kibwana, karani wa mahakama aliyestaafu, mtu mwembamba aliyevaa koti hata mwezi wa pili. Siku ya kwanza alinikuta namjazia mteja fomu kwa ufasaha mkubwa. Mteja alikuwa mke wa fundi mitambo wa Turiani, mgeni kutoka mbali. Penye "Sababu ya kuomba" nilikuwa nimeandika nusu ukurasa: walivyokutana, mvua ilivyonyesha, mwavuli ulikuwa wa nani. Mzee Kibwana akasoma yote, akavua miwani, akaichana fomu mara mbili.

"Kijana," akaniambia, "fomu ni mkwe. Jibu ulichoulizwa. Usiongeze."

Kisha akaandika kwenye fomu mpya neno moja: ndoa.

Maneno yale niliyabandika juu ya meza yangu. Niliyafuata kwa miaka mingi, niliyafundisha kwa wengine, na siku yalipotakiwa kweli niliyasahau. Nitafika huko.

Mengine niliyajifunza kwa kukosea. Soma fomu mpaka mwisho kabla hujashika kalamu, kwa sababu ukurasa wa nne una tabia ya kukanusha ukurasa wa kwanza. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, si kama mama mkwe anavyoliita. Cheti cha ndoa ni cheti cha ndoa. Bwana mmoja wa Dumila aliniletea kadi ya mwaliko wa harusi, yenye maua na jina la ukumbi, akaniapia kwamba watu mia tatu walikuja na hiyohiyo wakaruhusiwa kuingia. Na tarehe za wageni zitazameni kwa mashaka. Kuna nchi ambazo huanza na mwezi ndipo siku. Mimi nilimwacha mama mmoja alale akijua pasipoti yake inaisha mwezi wa nane, kumbe iliisha mwezi wa tatu. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Kuanzia hapo nikafungua daftari gumu la tarehe za kuisha kwa vibali na pasipoti za wateja wangu wote, na siku tisini kabla nilimpigia kila mmoja. Kuna wanandoa walioniambia kwamba mimi ndiye pekee niliyekumbuka siku yao.

Katika daftari hilo, ukurasa wa W, alikuwamo Wongani.

Wongani alitoka kaskazini mwa Malawi. Alikutana na Skolastika, sisi tukimwita Skola, huko Mbeya, wote wawili wakitafuta mbegu za viazi kwa muuzaji mmoja mwongo. Walishirikiana kumgombeza, wakaoana. Kwa kuwa Skola ni Mluguru wa Mgeta, hawakwenda kuishi kwao Wongani. Mwanamume ndiye aliyepanda mlima, akajenga kwa mama wa mkewe. Vijana wa mjini mnaocheka hapo, ulizeni bibi zenu. Huku kwetu ardhi hufuata mama. Inatoka kwa bibi, inakuja kwa binti, na mwanamume ni mgeni anayeheshimiwa kwa kadiri ya jembe lake. Mkwe anapimwa shambani. Hata akisali sana, hata awe na suti, kama halimi kwa mama mkwe, mjomba wa mke ataita kikao, na kikao hicho huwa kifupi.

Wongani alilielewa hilo upesi kuliko vijana wetu. Katika miaka minne alikuwa amechonga matuta kumi na manne kwenye mteremko ambao watu walikuwa wameuachia mbuzi, akapanda njegere, karoti na kabichi. Mama Veronika, mama mkwe wake, mwenye miaka zaidi ya sabini na goti bovu, alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni na kumhesabia matuta kwa sauti ili majirani wasikie.

Kibali chake kilikuwa cha mtegemezi. Mtegemezi anaruhusiwa kuishi nchini kwa sababu ya mwenzi wake. Anaruhusiwa kula, kulala, kuzaa na kuzeeka. Nyuma ya kibali, kwa herufi ndogo ambazo mimi nilizijua kwa moyo, imeandikwa kwamba haruhusiwi kufanya kazi. Mara mbili tulikipata bila tatizo. Mara ya tatu, Skola akiwa na mimba ya miezi saba, tukakuta tangazo jipya ubaoni. Zilikuwa zimezagaa habari za ndoa za karatasi, za watu wanaooana asubuhi na kuachana wakishapigiwa mhuri, kwa hiyo sasa kila mwombaji alete uthibitisho kwamba ndoa yake ni ya kweli na inaendelea.

Tangazo lilisema "uthibitisho". Halikusema mwingi. Mzee Kibwana angepeleka barua moja ya mistari mitatu. Lakini Mzee Kibwana alikuwa amekwisha kuzikwa, na mimi nilikuwa nimefikia umri ambao mtu huanza kupenda utaratibu wake kuliko kazi yenyewe. Nikatengeneza orodha. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Barua ya katekista. Barua ya mjomba, mkuu wa ukoo. Picha tatu za maisha ya kila siku. Nikampa Skola orodha hiyo, nimeipiga chapa, nikamwambia awaombe waandike kwa kirefu yale wanayoyajua kuhusu mume wake.

"Kwa kirefu, mzee?" Skola aliuliza.

"Kwa kirefu," nikasema. Nilisema hivyo nikiwa nimekaa chini ya karatasi iliyoandikwa "Usiongeze".

Baada ya wiki moja bahasha tatu zikateremka, zimefungwa kwa gundi na kupigwa mhuri juu ya gundi. Nilikuwa na kanuni nyingine: barua iliyofungwa haifunguliwi na asiyeandikiwa. Kanuni nzuri. Nikazipeleka kama zilivyo, pamoja na picha, nikarudi kibandani kunywa chai kama mtu aliyemaliza kazi.

Aliyepokea majalada siku hizo alikuwa Afande Neema, mwanamke wa kutoka kaskazini, kwa watu ambao shamba hufuata baba na baba hufuata ng'ombe. Hakupokea kitu kwa mtu, hata pipi. Alisoma kila karatasi. Tulifanana tabia, kwa hiyo hatukupendana, lakini tuliheshimiana. Siku ya tatu akaniita dirishani.

"Bwana Fomu, hivi umeniletea ushahidi wa ndoa au hati ya mashtaka?"

Akanisomea. Mwenyekiti wa kitongoji alithibitisha kwamba Wongani ni mkazi mwema, ambaye "tangu aingie kitongojini amechapa kazi kuliko wazawa, na kabichi zake hujaza lori". Katekista alithibitisha kwamba ndoa ni takatifu, kwani mume "hufanya kazi siku sita na siku ya saba hupumzika kama Maandiko yalivyoagiza". Mjomba, Mzee Kostansi, alithibitisha kwa ufupi kuliko wote: "Analima. Asingelima tusingekuwa naye." Picha zilikuwa tatu. Wongani na jembe. Wongani na jembe, Skola amesimama pembeni. Jembe.

Nawaombeni mfikirie hali yangu. Milimani hakuna sifa nyingine ya mkwe. Ukiwaambia watu wa Mgeta wathibitishe kwamba mwanamume ameoa kweli, watakuthibitishia kwamba analima, kama vile mtu akitaka kuthibitisha kwamba kuku ni mzima humwonyesha akitembea. Watu watatu, bila kushauriana, kwa upendo mtupu, walikuwa wameapa kwa mhuri kwamba mgeni asiye na kibali cha kazi anafanya kazi siku sita kwa wiki. Na aliyewaambia waandike kwa kirefu ni mimi.

Afande Neema alisema angependa kunihurumia lakini barua zimo jaladani, na jalada halisahau. Wongani alikuwa na siku saba za kujieleza. Asipojieleza vizuri, arudi Malawi, aanze maombi upya akiwa huko. Nilijua maana ya "upya". Ni miezi, na pengine msimu mzima wa mvua. Skola angejifungua mume akiwa ng'ambo ya mpaka.

Niliwaambia wote wawili palepale kibandani. Skola alikaa kwenye kiti changu, na hiyo ndiyo siku pekee niliyoona kiti kile kimepata kazi ya maana. Wongani hakunilaumu. Aliuliza tu kama barua ya mjomba ilikuwa kweli na maneno yale, nikasema ndiyo. Akafurahi, kisha akakumbuka kwamba hatakiwi kufurahi.

Kesho yake nilifunga kibanda, nikapanda mlima. Tulikaa uani kwa Mama Veronika: yeye kwenye kigoda, Mzee Kostansi, mwenyekiti, wanandoa, na mimi mwenye hatia. Nilieleza sheria pole pole. Nilisema kosa ni langu na barua zao zilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo penye tatizo.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa msaada, na watu wa msaada ni hatari. Alitoa karatasi palepale, akaandika barua mpya, akatusomea kwa sauti ya mkutano: kwamba barua ya kwanza iliandikwa kwa makosa, kwamba Wongani hafanyi kazi yoyote, hajawahi kuonekana na jembe, na kwa ujumla ni mvivu wa kutosha. Akapuliza wino ukauke. Akasema mjomba naye atie saini, mambo yaishe.

Mzee Kostansi aliirudisha karatasi.

"Mimi nitie saini kwamba mkwe wangu halimi?"

"Ni karatasi tu, mzee."

"Nikitia saini leo kwamba halimi, kesho nitamfukuza. Nitakuwa nimesema mwenyewe. Au unataka watu waseme Kostansi ana mkwe asiyelima na amemnyamazia?"

Mwenyekiti akajaribu kueleza kwamba atakuwa halimi mjini tu, huku juu ataendelea kulima. Mjomba akauliza mpaka uko wapi, pale mlima unapoanzia au pale lami inapoanzia. Nilikaa katikati yao nikiona jinsi jambo lilivyokaa. Akilima, ofisi inamwondoa. Asipolima, ukoo unamwondoa. Nimesoma sheria nyingi, lakini sijaona nyingine iliyomfunga mtu pande mbili kwa ukamilifu kama ule. Vilevile barua ilikuwa ya uongo, na Afande Neema angeinusa kabla hajaifungua. Niliikunja nikaiweka mfukoni mwangu. Mwenyekiti akadhani nimeikubali.

Mama Veronika muda wote alikuwa anamenya njegere. Alipomaliza bakuli akaniuliza huyo afande wangu ni mwanamke au mwanamume. Nikamwambia ni mwanamke. Akauliza kama ameolewa. Nikasema nadhani.

"Basi barua za wanaume ziacheni," akasema. "Nitashuka mwenyewe."

Alishuka asubuhi ya siku ya tano, mbele kwenye lori la kabichi, pembeni ya dereva, goti lake limefungwa kitenge. Skola na Wongani walikuwa nyuma juu ya magunia. Nilimpokea na kumwongoza mpaka dirishani. Afande Neema alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaagiza aletewe kiti. Nawaambia, miaka ishirini na sita sikuwahi kuona kiti kikitoka ndani ya ofisi ile.

Afande akaanza kwa upole. "Mama, huyu mkweo analima. Barua tatu zinasema hivyo."

"Analima, ndiyo. Ulitaka akae ananitazama?"

"Shamba analolima ni la nani?"

"La kwangu."

"Kwa hiyo umemwajiri."

"Mwanangu, mumeo akiosha vyombo huwa umemwajiri?"

"Wangu haoshi," alisema Afande, na foleni nzima ikacheka, hata waliokuwa na matatizo makubwa kuliko yetu.

Afande alisubiri kicheko kiishe. Alitaka kujua Wongani analipwa nini. Mama Veronika akasema analipwa ugali na binti, na binti alishalipwa zamani. Afande akauliza kabichi zinazojaza lori zinauzwa na nani. Akajibiwa zinauzwa na mwenye shamba, yaani yeye, na mwenye kitabu cha ushirika ni yeye, na kama afande anataka kukiona amekibeba kwenye pochi. Akakitoa. Jina la Wongani halikuwamo hata mahali pamoja.

"Na haya matuta kumi na manne aliyoyachonga? Si yake?"

Hapo mama mkwe alimgeukia Wongani kidogo, kama mtu anayeomba radhi kabla ya kupita mbele ya mtu.

"Hana tuta hata moja. Ardhi ya huku ni ya upande wa mama. Ilikuwa ya mama yangu, ikawa yangu, itakuwa ya Skola. Huyu nikimfukuza leo, atateremka mlima na shati lake. Jembe pia ni langu. Anakula kwangu, analala kwangu, akiumwa namuuguza mimi. Mwanangu, kama huyu si mtegemezi, basi nionyeshe mtegemezi mwenyewe yukoje."

Afande Neema aliweka kalamu chini. Niliona anafikiri, na niliona pia kwamba jambo lile lilikuwa geni kwake kama lilivyokuwa kawaida kwetu. Hakumdharau. Alimgeukia Wongani.

"Ni kweli anayosema mama?"

Nyie hamkuwa pale, kwa hiyo niwaambie kilichokuwa kwenye uso wa yule kijana. Kwao Wongani shamba hufuata baba. Mwanamume akichonga tuta, tuta hilo linaitwa kwa jina lake, na mwanawe atalikuta. Miaka minne alikuwa amepasua mawe ya Uluguru, na sidhani kama mtu aliwahi kumweleza waziwazi, kwa sentensi moja, mbele ya foleni, kwamba hakuna hata kimoja alichojichongea. Mambo ya namna hiyo katika ukoo hujulikana bila kusemwa. Sisi tulikuwa tumeyasema, tena dirishani.

Alimtazama mkewe, akatazama tumbo lake.

"Ni kweli, afande," akasema.

Afande akaniambia niandike maelezo hayo, yeye mwombaji aweke saini, yaingie jaladani juu ya zile barua. Nilipogeuka kwenda kwenye kompyuta akaniita. "Mstari mmoja, Bwana Fomu. Mmoja."

Niliandika: Mimi Wongani ninathibitisha kwamba sina shamba wala mshahara, na kwamba ninaishi na kula katika nyumba ya familia ya mke wangu. Sikuongeza kitu. Mkono ulitaka kuongeza, nikauzuia.

Wongani alisoma mara mbili. "Mzee," akaniambia kwa sauti ya chini, "karatasi hii ikifika kwetu, baba yangu atauliza nilikuja Tanzania kufanya nini."

"Haitafika," nikamwambia. "Karatasi za ofisi ile hazijawahi kufika popote."

Akatia saini. Kibali kilitoka, nacho kilikuwa na masharti yaleyale nyuma, kwa herufi ndogo zilezile.

Tulitoka nje ya uzio. Mama Veronika alisimama kivulini mwa kibanda changu, anapumzisha goti. Kisha akamwita Wongani kwa jina la heshima ambalo hakuwahi kumwitia, baba, jina analoitwa mwenye mtoto, wakati mtoto bado.

"Umekasirika," akamwambia.

"Hapana, mama."

"Umekasirika, na una haki. Nimesema matuta si yako. Na mimi pia si yangu, nimeyashika tu. Hata ya Skola siyo, naye atayashika tu." Akaelekeza kidole kwenye tumbo la binti yake, bila aibu, barabarani. "Akiwa msichana, ni ya huyo. Kwani ulidhani unamlimia nani?"

Wongani aliingia kibandani kwangu, akaomba maji, akanywa akiwa ameipa mgongo barabara. Alikaa huko muda mrefu kuliko maji yalivyohitaji. Nilijifanya natafuta gundi.

Alizaliwa msichana, na baba yake alikuwapo. Mwenyekiti wa kitongoji alinipigia simu kunipongeza, akauliza barua yake ya pili ilisaidia kiasi gani. Nilimwambia ilisaidia sana. Bado ninayo, na nikiwa na huzuni huisoma: mvivu wa kutosha.

Miaka miwili baadaye niliwafanyia kibali kingine, kwa barua moja ya mistari mitatu ambayo niliisoma kabla haijafungwa. Ile ilikuwa karibu ya mwisho katika kazi yangu. Maombi yalihamia kwenye mtandao, macho yangu nayo yakaanza kuona herufi ndogo kama mchanga, nikakiuza kibanda. Kitambaa cha buluu nilibaki nacho. Daftari pia. Siku tisini kabla bado nawapigia watu, ingawa wengi huniambia simu zao zimeshawakumbusha.

Nilimpigia Wongani mwanzoni mwa mwaka huu. Akasema ameshajaza mwenyewe, jioni ileile alipopata mtandao juu ya jiwe la nyuma ya nyumba. Wiki ile akashuka kunionyesha kwenye simu. Nilivaa miwani nikapitia ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta kosa kwa moyo wote kama mstaafu yeyote. Jina kama la pasipoti. Tarehe sawasawa. Penye "Sababu ya kuomba" aliandika neno moja. Mwishoni palikuwa na kisanduku kikubwa cheupe, chenye nafasi ya maneno mia tano, kilichoandikwa "Maelezo mengine". Hakuandika chochote. Nikamrudishia simu, nikajua nimestaafu kweli.

Alikuja na binti yake, sasa ana miaka minne, na mfuko wa njegere. Mtoto akaniamkia vizuri, akasimama wima mbele yangu mikono nyuma, kama mtu aliyefika dirishani. Nikaona nimtanie. Nikakunja uso, nikafungua mfuko, nikamuuliza kwa sauti ya ofisi:

"Na hizi njegere, kalima nani?"

Mtoto alimtazama baba yake, mwenye viganja vilivyochanika. Kisha akanitazama mimi.

"Bibi," akasema.

Nikangoja. Hakuongeza.